Nimemgeuza Malaika Mkuu Atazame Ukuta

Mama Zagorka, mshauri wetu wa kila Ijumaa gazetini,

Nakuandikia nikiwa mezani jikoni, na naomba unisaidie kabla siku ya Malaika Mkuu haijafika, kwa sababu mimi, mwanamke niliyebatizwa na kuzeekea kanisani, nimefika mahali nagombana na malaika, na naona ninashindwa.

Kwanza nikuambie kwamba ukurasa wako tulikuwa tunausoma pamoja, mimi na marehemu mume wangu Radiša, na yeye ndiye aliyekuwa anausoma kwa sauti maana miwani ilikuwa moja na ilikaa vizuri zaidi kwenye pua yake, na kabla hajafika kwenye jibu lako alikuwa analifunika kwa kiganja na kutoa lake, na jibu lake lilikuwa moja kwa watu wote, awe mke aliyeachwa au kijana asiyepata kazi au mtu anayegombana na jirani kuhusu mpaka, "Ale kwanza, kisha alale, kesho tutaona," halafu anaondoa kiganja na kusoma lako, na akikuta umesema kitu kinachofanana na chake hata kidogo anapiga meza, "Umeona? Katika wilaya hii wenye akili ni Mama Zagorka na mimi." Sasa nasoma mwenyewe na miwani bado inakaa vibaya.

Alifariki mwanzoni mwa majira ya kuchipua, wakati wa kupogoa. Alikuwa amekaa kwenye kigogo chini ya miti ya plamu, mkasi ukiwa bado mkononi, nikadhani amechoka anapumzika, nikaenda nikamfunika koti mabegani na kumwambia supu iko tayari. Daktari alikuwa amemwambia kwa miaka mingi kwamba moyo wake si mzima, apunguze chumvi, apunguze mafuta, apunguze rakija, ile pombe yetu kali ya plamu, na yeye akapunguza kwenda kwa daktari.

Slava ya nyumba yetu, sikukuu ya mtakatifu mlinzi wa ukoo, ni ya Malaika Mkuu Mikaeli. Mlinzi huyu ametufikia kutoka kwa babu wa babu yake Radiša, na kila mwaka mwezi wa Novemba siku yake ikifika tunawasha mshumaa mkubwa, padri anakuja kuuzungusha mkate pamoja na mwenye nyumba na kuukata, tunamwaga divai, na mlango unakaa wazi, kwa sababu kwenye slava mtu haalikwi, anayeijua siku anakuja, na asiyekuja hajaja. Na wewe unajua wanavyosema watu wa huku, kwamba ile ngano iliyochemshwa na kusagwa pamoja na sukari na kokwa za jozi, ambayo nyumba nyingine huiweka mezani siku ya mtakatifu wao na ambayo sote huipeleka makaburini kwa ajili ya marehemu, kwa Malaika Mkuu haipikwi, maana watakatifu wengine walikufa lakini yeye yu hai. Mama mkwe wangu hakuipika, na mama mkwe wake hakuipika.

Basi Radiša alikuwa anaipenda ngano hiyo kuliko nyama, na kila mwaka alikuwa anakwenda kwa dada yake Stamenka, wifi yangu, ambako slava ni ya Mtakatifu Nikola, anakula ngano ya huko kwa kijiko cha supu, na akirudi nyumbani analalamika kama mtoto kwamba amezaliwa katika nyumba isiyo na bahati. Mwaka jana akasema inatosha. Alisaga jozi mwenyewe, akamwaga sukari mpaka nikamshika mkono, akaiweka katikati ya meza karibu na mshumaa, na wageni wakacheka wakala, isipokuwa Stamenka, ambaye aliweka kijiko chini.

"Kaka, aliye hai hapikiwi ngano ya wafu."

"Basi mimi ni hai na nimepika na ninakula," akasema Radiša. "Nani amekufa hapa? Pitisha bakuli."

Na katika kucheka akapiga glasi kwa kiwiko, divai ikamwagika mezani mahali pale pale anapoimwaga kila mwaka, upande wake, karibu na mkate, na Padri Gavrilo akasema, "Sasa slava imekamilika."

Nilipofanya ibada yake ya siku ya arobaini, pale kaburini, huku watu wanakula walichobebewa, Stamenka akaniegemea akasema bila hasira, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, "Wifi, alimpikia Malaika ngano ya wafu. Malaika akaja kuchukua mfu wake. Na wewe ulimpa sufuria."

Mama Zagorka, ni kweli sufuria nilimpa mimi. Ile kubwa ya bluu.

Tangu siku hiyo neno hilo halijanitoka kichwani. Picha yetu takatifu inamwonyesha Malaika Mkuu amesimama na upanga kando ya kitanda cha mtu anayekata roho, na miaka yote nilipita mbele yake na ndoo na kapu na sikuwahi kumtazama yule mtu wa kitandani, lakini sasa kila nikipita namwona, na asubuhi moja nikamwambia malaika, "Kumbe ni wewe," nikapanda kwenye kiti nikamgeuza atazame ukuta. Nikadhani nitatulia. Lakini kandili ya Jumapili siwezi kuiacha bila kuiwasha, mikono imezoea, kwa hiyo sasa inaangaza mgongo wake, na nikifuta vumbi nyumbani namfuta mgongo pia, na juzi nilimgonga na fagio nikasema samahani.

Usicheke. Au cheka, Radiša angecheka.

Lakini kinachonitisha si picha, ni kwamba siwezi kusali. Naanza Baba Yetu vizuri, nafika "mapenzi yako yatimizwe" nakwama kama trekta kwenye tope, siendi mbele wala sirudi nyuma, na hapo ndipo sauti inapoanza, wakati mwingine ina sauti ya wifi yangu na wakati mwingine, hiyo ndiyo mbaya zaidi, ina sauti yangu mwenyewe, inasema ni wewe uliyempa sufuria, inasema unasimama kanisani karibu na mlango kwa sababu unajua huna haki ya kusogea mbele, inasema hakuna anayekusikiliza, nenda nyumbani ukalishe kuku. Na mimi naenda kulisha kuku. Padri Gavrilo alihubiri siku moja kuhusu vita vya Mkristo, kwamba adui hachoki na sisi tusimame imara, nikawaza moyoni, baba, mimi nasimama, lakini nimesimama kwenye zizi la kuku.

Wiki iliyopita akaja kubariki maji, maana mkate wa slava hukandwa kwa maji hayo. Nilisikia lile gari lake dogo la kijani likikohoa kutoka chini kabisa ya mlima, na badala ya kuvaa kitambaa kichwani na kutoka, nilikimbia nikajificha kwenye kibanda cha kukaushia nyama kwa moshi, mimi, mwanamke mwenye mjukuu. Nikafunga mlango. Na Garov, mbwa wetu, akaja akakaa mbele ya mlango huo huo akaanza kupiga mkia kwenye mbao, du, du, du.

Nikasikia viatu vya padri vimesimama.

"Garov, mzee wangu. Mama yupo?"

Du, du, du.

"Hayupo? Pole sana. Basi ukimwona, mwambie nimebariki maji hapa uani, chupa nimeiacha juu ya kisima. Na mwambie moshi wa jikoni unatoka vizuri ajabu kwa nyumba isiyo na mtu."

Nikakaa humo katikati ya mapaja ya nguruwe nikajikuta nacheka, mara ya kwanza tangu Radiša afariki, na baada ya kucheka nikalia, na baada ya kulia nilinuka moshi mpaka kesho yake. Chupa niliiacha pale kisimani, lakini jioni nikaona baridi inakuja, nikaogopa maji yasigande yakapasua chupa ya watu, nikaiingiza ndani. Iko karibu na unga. Sijaigusa tena.

Na juzi wifi yangu akaniita kutoka upande wa pili wa uzio, maana aliolewa nyumba ya jirani, hakwenda mbali, hata glavu za bustani hajavua.

"Wifi, nimeongea na yule mama wa ng'ambo ya mto."

"Mama yupi?"

"Usijifanye hujui. Anayeyeyusha risasi, ile metali, na kuimwaga kwenye bakuli la maji juu ya kichwa. Inatoa umbo, anasoma, anakutolea kilichokuingia. Anakuja Jumatatu, siku moja kabla ya Malaika."

"Stamenka, mimi ni Mkristo."

"Na mimi ni nani, mbuzi? Anasali Baba Yetu kabla hajamwaga. Anapiga ishara ya msalaba. Ana picha takatifu kubwa kuliko yako." Akanitazama. "Na yake haijageuzwa ukutani."

Nikaanza kuokota majani yaliyokwama kwenye uzio.

"Nyumba yako imefungwa," akasema. "Ngoja ifunguliwe kwanza. Na slava mwaka huu uiache. Mshumaa huwashwa na mwenye nyumba, huzimwa na mwenye nyumba, na mwenye nyumba yuko chini ya udongo. Picha nipe mimi nikae nayo. Mimi ndiye damu ya nyumba hiyo, wewe uliletwa na gari la farasi."

"Nililetwa na trekta," nikasema.

"Na trekta hilo bado nalikumbuka," akasema, na kidogo tu mdomo wake ukacheza, kisha akageuka akaenda zake na sikuona uso wake tena.

Sasa nakuuliza nifanye nini. Nikiifanya slava, siwezi kumwita mtu, desturi hairuhusu, na wameshasikia kwamba nyumba yangu ina neno, kwa hiyo naogopa nitakaa na mkate na mshumaa na kabichi niliyoviringishia nyama, peke yangu na Garov, na nani atauzungusha mkate na padri wakati hakuna mwanamume? Na nisipoifanya, mshumaa uliowashwa na watu wote hao tangu babu wa babu utakuwa umezimika mkononi mwangu. Binti yangu yuko ng'ambo, Graz, hapati likizo, nikimpigia simu anasema, "Mama, fuata moyo wako," na moyo wangu ndio huo unakaa kwenye zizi la kuku. Nimruhusu yule mama wa risasi aje, yaishe? Je, mtu aliyemgeuza malaika wake ukutani bado ana imani, au niache kujidanganya?

Na jambo dogo, nakuomba usilione la kijinga. Kitambaa cha meza cha slava bado kina doa la divai la mwaka jana. Sikukifua wakati ule kwa uvivu na sasa siwezi. Nikifue?

Jina langu naomba usilitaje, watu wasinijue.

Mjane wa Radiša

*

Mama mpendwa,

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Lakini umemtaja mumeo, wifi yako, binti aliyeko Graz, padri, gari la padri na mbwa, kwa hiyo waliobaki bila kukujua ni watu wa Belgrade peke yao. Tuendelee.

Pole sana. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikaketi. Hivi leo nimeenda sokoni bila kununua nilichokwenda kununua, kwa sababu nilikuwa nawaza koti hilo ulilomfunika.

Sasa nikugombeze, kwa kuwa umeomba ushauri na si maua.

Unaniuliza kama bado una imani. Umeingiza maji ya baraka ndani yasigande. Umeyaweka karibu na unga. Unawasha kandili kila Jumapili mbele ya mgongo wa malaika, na ukimgonga na fagio unamwomba radhi. Mama, mtu asiyeamini hagombani na picha, anaitundikia kalenda juu yake. Hujapoteza imani, umenuna, na kununa ni haki ya mtu wa nyumbani. Mgeni hanuni.

Umesema una vita, na ni kweli unavyo, lakini umekosea adui. Umemgeuza askari wako mwenyewe ukutani, halafu umebaki kumsikiliza aliyekuja kukushambulia. Hiyo sauti inayokuambia kwamba ulimuua mumeo kwa kumpa sufuria, hiyo inayokurudisha karibu na mlango wa kanisa na kukutuma ukalishe kuku, hujiulizi ni ya nani? Kazi ya yule mwovu tangu mwanzo ni kushitaki. Mungu akitaka kukuonyesha kosa anakuonyesha na mlango wa kutokea. Huyu anakuonyesha sufuria tu, kila siku, ile ile ya bluu. Siku uliyobatizwa, kumu wako, mzazi wako wa ubatizo, aligeuka upande wa magharibi akamtemea yule mwovu mate kwa niaba yako. Sauti ikija tena, geuka magharibi, fanya vivyo hivyo, mwambie hesabu yako na yeye ilikwisha siku ile. Na kama nyumba ya wifi yako iko upande wa magharibi, fanyia ndani na ufunge dirisha.

Ama kuhusu ngano. Nimemuuliza padri wa hapa mjini, akacheka, akasema ngano haipikwi kwa sababu mtakatifu amekufa, hupikwa kwa sababu punje iliyozikwa huota. Anayetaka kumpikia Malaika Mkuu na apike, anayetaka kufuata bibi yake aache. Malaika anayemwua mzee kwa sababu amekula ngano yenye jozi, huyo simjui, na sidhani kama yumo kwenye picha yako. Mumeo alikuwa na moyo mbovu na hamu nzuri ya chakula. Tumezika wengi wa namna hiyo katika wilaya hii.

Na picha hiyo naijua, mama yangu alikuwa na kama hiyo. Wewe unaona malaika amesimama kando ya kitanda kuchukua. Itazame tena, ukishaigeuza. Amesimama pale ili mtu asiondoke peke yake. Wewe ulikuwa jikoni na supu. Radiša alikuwa chini ya miti ya plamu. Kabla hujafika na koti, nani alikuwa naye?

Kaa na swali hilo kidogo. Mimi nitasubiri.

Baba Yetu unakwama kwenye "mapenzi yako yatimizwe." Sasa unajiona wa kwanza? Bwana mwenyewe, usiku ule bustanini, alikwama hapo hapo, akatoka jasho, akaomba kikombe kipite, na rafiki zake wamelala. Mahali ulipokwama ameshapakanyaga. Ukifika hapo na haitoki, usirudi kwa kuku. Nyamaza kidogo, kisha sema mstari unaofuata, ule wa mkate wa kila siku. Huo unauweza, mikono yako ina unga. Ule mwingine utatoka siku yake, na ukitoka utajua kwamba hukuusema peke yako.

Basi fanya hivi. Leo hii, ukimaliza kusoma, panda kwenye kiti umgeuze Malaika. Si lazima umchekee. Mwambie bado una neno naye, lakini atazame chumba, ana kazi. Kanisani ondoka mlangoni, pale kuna baridi, na usogee mpaka mahali ulipokuwa unasimama na Radiša. Nenda pia kwa Padri Gavrilo umwambie yaliyokusibu, kwa mdomo wako na si kwa mkia wa Garov. Huyo padri amekuona kwenye moshi na hakukufungulia mlango, kwa heshima. Padri wa namna hiyo hapatikani katika kila parokia.

Yule mama wa risasi, Jumatatu akifika langoni, mpe kahawa, mpe kijiko cha jamu na glasi ya maji kama mgeni yeyote, na umwambie wazi kwamba risasi yake arudi nayo. Kusali kabla ya kumwaga hakubadilishi kinachomwagwa. Usimtukane, usibishane naye, na usimruhusu aguse kichwa chako. Una maji yako, yamebarikiwa uani kwako mbele ya shahidi mwenye miguu minne. Kwa maji hayo ukande mkate.

Na sasa wewe, Stamenka. Najua unasoma, hapo kwenu gazeti linafika mapema kuliko maziwa. Pole na wewe. Umempoteza kaka, na hakuna aliyekuandalia kiti cha mbele kwenye msiba huu, maana viti vyote ni vya mjane. Ukaona ni afadhali kuwe na wa kulaumiwa, hata kama ni bakuli, kwa sababu mtu mwenye wa kumlaumu anajua pa kuelekeza macho. Nakuelewa. Lakini neno ulilomwambia wifi yako kaburini ni neno la yule mshitaki, umelibeba tu kwa mdomo wako, na ni wewe wa kulirudisha. Na picha usiombe. Iko mahali ulipozaliwa, ukiihitaji ruka uzio.

Mama mpendwa, desturi inakukataza kumwalika wifi yako kwenye slava. Haikukatazi kumwita Jumatatu aje asage jozi. Mwite. Mwambie wewe mkono unauma, hata kama hauumi, Mungu atasamehe mkono huo. Na Jumanne padri akiuliza nani atauzungusha mkate pamoja naye, shika upande mmoja na Stamenka ashike wa pili. Wajane wa nchi hii wamewasha mishumaa ya slava katika vita vyote tulivyopigana, wanaume wakiwa hawapo, na sijasikia mtakatifu hata mmoja aliyelalamika. Mwenye nyumba ni aliye ndani ya nyumba anayefungua mlango. Washa. Mwisho wa siku zima kwa divai, wewe mwenyewe.

Ngano pika. Ile sufuria ya bluu, hiyo hiyo. Sukari shika mkono wako mwenyewe.

Na baada ya hapo kula, kisha lala, kesho tutaona. Mimi na marehemu tunakubaliana tena, na najua angepiga meza.

Unaogopa kwamba hatakuja mtu, na kumwita mtu huwezi. Hukuniita. Umenitajia tu siku na mtakatifu, na mimi nimelelewa vizuri, ninajua maana yake. Jumanne napanda basi la asubuhi, na kutoka barabarani nitafuata moshi wa jikoni.

Kitambaa usikifue. Kitandike doa likiwa juu, na kiti cha upande huo niachie mimi. Nimezeeka, mkono wangu nao unatetemeka, na divai nyekundu sijawahi kuibeba mpaka mdomoni bila kuimwaga.

Mama Zagorka